Ramani Safi ya Mapito

Nilikaa katika nchi ya Mapito tangu mwisho wa kiangazi hadi mvua za vuli zilipokolea, na ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa machache ambayo nitamtaja aliyenisimulia. Kazi yangu ni kupima njia. Nimeifanya kwa miaka ishirini na sita, katika nchi za milima na nchi za mabwawa, na niliitwa Mapito kwa barua yenye mihuri mitatu ili nitoe maoni juu ya Mpango Mkuu wa Mwendo, ambao Halmashauri ya wilaya ya Kizoro ilikuwa ikiuandaa kwa mwaka wa kumi na moja.

Kizoro ni wilaya ya wakulima. Wengi wao hawana cha kuwabeba ila miguu. Kwa miguu wanakwenda shambani, kisimani, mnadani, kwa wakwe na kwa waganga. Nilitazamia kukuta njia nyingi, na kweli nilizikuta. Lakini nilipozitaja ofisini niliambiwa hazipo.

Aliyeniambia hivyo ni Bwana Mdoe, Afisa wa Nyayo, mtu mpole wa makamo mwenye viatu vinavyong'aa kama vimetoka dukani asubuhi hiyo. Alinisimamisha mbele ya ramani iliyofunika ukuta mzima. Ilikuwa karatasi nyeupe yenye mto mmoja na barabara moja ya lami.

"Njia za miguu ziko wapi?" nikauliza.

"Hazijachorwa. Zingechafua ramani."

"Lakini watu wanazipita."

"Ndiyo maana tunazifuta moja moja. Kwanza tunasafisha, kisha tunapanga. Ukipanga juu ya uchafu, mpango nao unakuwa mchafu."

"Na wakati mnasafisha, watu wapite wapi?"

Bwana Mdoe alifikiri kwa dhati. "Hilo," alisema, "liko kwenye utafiti."

Nilionyeshwa utafiti huo. Wahesabuji wawili hukaa ndani ya gari kando ya lami, jua la saa saba mchana, na kuandika kila mtu apitaye kwa miguu. Kwa kuwa hakuna mwenye akili anayetembea juu ya lami saa saba, daftari zao za miaka kumi na moja zilikuwa na watu thelathini na tisa, na kumi kati ya hao walikuwa wamevuka tu kumfuata mbuzi. Kwa msingi huo Halmashauri iliamini kwamba watu wa Kizoro hawapendi kutembea, na ikajenga, ili kuwatia hamu, njia moja ya mfano. Ilianzia mlango wa mbele wa ofisi, ikazunguka jengo, ikaishia mlango ule ule. Ilikuwa na maua, taa, na mabenchi ya kupumzikia kila baada ya hatua arobaini. Askari alisimama mwanzoni mwake kuwazuia wenye miguu ya matope.

Wananchi nao walikuwa wameulizwa maoni. Mkutano uliitishwa mjini saa mbili asubuhi. Waliokuja kwa njia za mkato walirudishwa mlangoni, kwa kuwa walifika kwa njia zisizokuwapo. Waliozunguka kwa barabara walifika saa sita, wakakuta viti vimeshakusanywa. Nilisoma kumbukumbu za mkutano. Zilikuwa na sentensi moja: wananchi hawakuwa na la kusema.

Niliyaandika yote haya bila kuweka neno langu. Mgeni hufundishwa kuangalia kwanza.

Wiki ya pili niliomba kwenda Ng'amboni, kijiji kilicho upande wa pili wa mto Kizoro. Kwa barabara ni mwendo wa saa nne, kwa maana barabara inazunguka hadi kwenye daraja la magari. Kwa njia ya mkato ni robo tatu ya saa. Nikashika ile ya mkato. Ilikuwa na upana wa unyayo mmoja, imeshindiliwa mpaka ikang'aa, inashuka kwenye mabua ya mtama, inavuka mto juu ya mawe saba, halafu inapanda taratibu. Nimepima njia nyingi, na naweza kusema kwamba waliotengeneza ile walikuwa wanajua kazi. Kila penye mteremko mkali ilijipinda, na kila palipotuama maji ilipanda hatua mbili juu.

Kwenye mawe nilimkuta mwanamke wa miaka arobaini hivi akivuka huku amembeba mzee mgongoni. Nilingoja hadi wakafika upande wangu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba," mzee akajibu kutoka juu ya bega la mwanamke. "Usinionee huruma, mwanangu. Farasi wangu hali majani, anakula ugali tu."

"Baba, nyamaza, utakohoa," yule mwanamke akasema, na mzee akakohoa kweli, muda mrefu, kanga ikiwa mdomoni.

Huyo ndiye Kibwana, aliyekuwa msuka mikeka kabla ya kifua kumshika, na mwanamke ni Sikuzani, binti yake. Dawa zake zilikuwa za kumezwa kila siku mbele ya mganga, miezi sita bila kukosa hata siku moja. Walikuwa wamemaliza minne. Kila asubuhi walipita pale kwenda zahanati ya mjini na kurudi. Sikuzani alinipeleka kijijini kwao Ng'amboni jioni hiyo, akanipikia kisamvu, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, alifurahi kiasi kwamba niliona haya.

"Basi utawaambia," akasema. "Wewe watakusikia. Waambie hatutaki taa wala benchi. Watuachie tu hii hii, na kwenye mto watuwekee gogo la kushika."

Nikasema nitawaambia.

Siku sita baadaye aliitwa barazani. Shauri lake lilikuwa kukanyaga, yaani kutengeneza njia kwa nyayo bila kibali. Askari alikuwa amemwona. Baraza liliketi katika ukumbi mkubwa, Mwenyekiti Bwana Lukindo akiwa katikati, mtu mnene mwenye ugonjwa wa jongo, mguu wake umewekwa juu ya mto wa sufi. Wajumbe walijadili asubuhi nzima. Mmoja alisema mtu hawezi kushtakiwa kwa kutengeneza kitu kisichokuwapo. Mwingine akajibu kwamba kutokuwapo kwake ndiko kulikolifanya kosa kuwa kubwa zaidi. Wa tatu alitaka kwanza baraza liamue mtu aliyebebwa mgongoni kama naye anahesabika kuwa anatembea, na hilo liliwachukua hadi chakula cha mchana.

Mchana wakaniita mimi.

"Bwana Mpimaji," Mwenyekiti akasema, "wewe ni mtaalamu na huna upande. Ile iliyoko mtoni ni njia, au si njia?"

Sheria ya Mapito ilikuwa mbele yangu, nami nilikuwa nimeisoma. Inasema njia ni kitu chenye upana wa hatua tatu, chenye jina, na kilichochorwa kwenye ramani. Nilijua walivyolitega swali. Nikisema ni njia, ni njia haramu, itafungwa. Nikisema si njia, hakuna cha kuwekewa gogo. Kulikuwa na jibu la tatu, ambalo ni kusimama na kusema kwamba sheria yenyewe ni ya kijinga. Jibu hilo nililiona vizuri kabisa. Lakini nilikuwa mgeni, mwenye barua ya mihuri mitatu, na kwa miaka ishirini na sita nimejivunia kutosema zaidi ya nilichoulizwa.

"Kwa vipimo vya sheria yenu," nikasema, "si njia."

Sikuzani, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, alinitazama bila hasira.

"Kaka mgeni," akasema, "siku ile ulikuja kwetu ukala. Ulipita wapi?"

Watu wachache walicheka. Mwenyekiti akagonga meza na kusema mshtakiwa haruhusiwi kumhoji mtaalamu. Nami nikaketi. Hakuna aliyenilazimisha kujibu.

Sikuzani alisamehewa kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza. Mahali pale, kwa kuwa palikuwa si njia, paliamriwa pafanane na mahali pasipo njia. Kesho yake walilima kutoka ukingo wa mji hadi mtoni, wakapanda miiba pande zote mbili, wakayang'oa mawe saba na kuyapanga kuzunguka maua ya njia ya mfano. Katikati ya matuta wakaweka kizuizi na kibanda cha askari mwenye daftari. Bwana Mdoe alinionyesha ramani jioni hiyo. Mahali hapo palikuwa peupe tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na cha kubadilisha, ila aliniambia sasa ramani ni ya kweli.

Kuanzia hapo Sikuzani alimpeleka baba yake kwa barabara. Walitoka alfajiri na kufika karibu na adhuhuri. Barabara ya Kizoro haina ukingo wa mtu kukanyaga. Pembeni ni mtaro, na magari yakija ni kuruka mtaroni. Yeye aliruka na baba yake mgongoni. Niliyasikia haya kwa mganga wa zahanati, ambaye alisema kwamba siku ya nne mzee alianza kukataa, akitaka aachwe nyumbani, na binti akamwambia, "Imebaki miezi miwili tu, Baba. Shika shingo."

Siku ya tisa nilikuwa zahanati mwenyewe walipofika. Sikuzani alimteremsha kwenye benchi, akamwegemeza ukutani, akaenda kuomba maji ya kumezea dawa. Aliporudi, alimwita mara mbili. Kisha akaketi kando yake, akayanywa yale maji yeye mwenyewe, yote, na kuweka kikombe chini. Mganga ndiye aliyemfumba mzee macho.

Nilijiuliza maiti itazungukaje saa nne juani. Hapo ndipo nilipojifunza sheria nyingine ya Mapito. Maiti haizuiwi. Akifa mtu, anapita atakapo, shambani, uani, hata sebuleni mwa Mwenyekiti, pamoja na wote wanaomsindikiza. Ni desturi ya kale kuliko Halmashauri, na hakuna afisa aliyethubutu kuifuta, kwa kuwa wote wanaogopa kufuatwa na marehemu aliyekatishwa safari.

Basi tulimlaza Kibwana kwenye machela, tukamfunika shuka nyeupe, tukaenda moja kwa moja. Wanawake walitangulia wakilia. Askari wa kizuizi alivua kofia, akaandika "maiti mmoja", akafungua. Mwenyekiti Lukindo alikuwapo, kwa maana viongozi wa Mapito hawakosi mazishi. Bwana Mdoe alikuwapo na viatu vyake. Tulikanyaga matuta, tukavuka mto maji yakiwa magotini, tukapanda. Katika muda ambao ungetosha kupika wali, tulikuwa Ng'amboni.

Bwana Mdoe alitazama nyuma. Paa la ofisi yake lilionekana wazi ng'ambo ya mto.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

Alikuwa ameishi wilaya hiyo tangu azaliwe.

Tulizika. Baada ya kula, wakubwa walipotaka kurudi, karani wao akawakumbusha kwa unyenyekevu kwamba ruhusa ni ya maiti, na maiti imeshazikwa. Waliobaki walikuwa watembeaji wa kawaida, na njia yao ni barabara. Magari yalikuwa mjini. Mwenyekiti aliutazama mguu wake uliovimba, kisha akaitazama barabara iliyokuwa ikipotelea vilimani. Nilidhani sasa sheria itabadilishwa, pale pale, kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa nyumba ya marehemu. Nilisimama karibu ili nisikie.

"Machela ile," Mwenyekiti akasema, "ina kazi nyingine leo?"

Akalala. Akajifunika shuka mwenyewe hadi juu ya uso. Vijana sita wa Ng'amboni walitazamana, kisha wakamtazama Sikuzani, kwa kuwa msiba ulikuwa wake. Sikuzani alikuwa anaosha masufuria. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Mchukueni," akasema. "Ni mzito, badilishaneni."

Wakamchukua. Wajumbe wakafuata nyuma, nyuso zimeinamishwa, na mimi nikafuata. Askari alivua kofia, akaandika "maiti mmoja", akafungua. Tulipofika mjini Mwenyekiti aliketi, akawashukuru vijana, akapanda gari. Niliangalia kama kuna mmoja kati ya wale wakubwa angecheka au angeona aibu. Bwana Mdoe alikuwa akikwangua udongo kwenye kiatu kwa kijiti.

Watu wa Ng'amboni hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Tangu siku hiyo wagonjwa wao walikwenda zahanati wakiwa wamefunikwa. Machela moja, shuka moja, wanawake wawili wa kulia mbele. Askari aliandika. Alijua, mimi nina hakika alijua, maana shuka hupanda na kushuka mtu akipumua, lakini alikuwa na watoto na ajira moja. Mganga aliniambia kwamba wapo waliofika wamepona nusu kwa hofu, na wapo waliosikia wakililiwa robo tatu ya saa, majina yao yakitajwa na sifa zao zikihesabiwa, wakakata tamaa, wakafika wafu kweli. Bibi mmoja alimwambia kabla ya kukata roho kwamba haikuwa na maana kurudi, kwa kuwa watu walikuwa wameshamaliza kumlilia.

Halmashauri iliona daftari za kizuizini. Vifo vya Ng'amboni vilikuwa vimepanda mara kumi na mbili. Baraza lilikaa, likasikitika, na likapitisha kwa kauli moja kupanua eneo la makaburi. Wachoraji walilichora siku hiyo hiyo. Ulikuwa mpango wa kwanza wa Halmashauri kukamilika kwa wakati, nami niliombwa kuupima. Niliupima. Ulikuwa na vijia vizuri kati ya safu, kila kimoja upana wa hatua tatu.

Ripoti yangu niliiandika baada ya hapo. Niliandika kila nilichopaswa kusema barazani, kurasa arobaini, na mwisho nikasema kwamba mahali pale palikuwa njia, na ni njia hata sasa. Bwana Mdoe aliisoma mbele yangu kwa muda mrefu. Kisha akaifunga.

"Barazani ulisema kinyume," akasema. "Neno la mtaalamu likishaandikwa kwenye kumbukumbu, tunaliheshimu." Aliiweka kabatini kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto.

Niliondoka Mapito asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku tatu. Nilikuwa nimekwenda kuitazama ile njia mara ya mwisho, nimefika karibu na kizuizi, mkoba begani, niliposikia kilio. Machela ilikuwa inapanda kutoka mtoni na wabebaji wanne tu, wamelowa hadi kifuani. Mbele yake alikuwa Sikuzani. Aliponiona hakuacha kulia, ila katikati ya kilio alinisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Ni Tunu, mke wa mdogo wangu. Uchungu umemshika tangu jana. Mtoto amekaa vibaya. Nimemwambia asipige kelele."

Shuka ilikuwa imelowa, imemganda mwanamke mwili mzima. Katikati ilisimama kama kilima. Sikusikia sauti yoyote, ila niliona kitambaa kimeingia mdomoni, na ameking'ata.

Askari alivua kofia. "Poleni," akasema. Akafungua daftari. "Maiti mmoja?"

Sikuzani aliitazama ile shuka. Nadhani aliogopa askari asije akaulizwa baadaye habari za tumbo lile.

"Andika wawili," akasema.

Niliweka mkoba chini, nikashika mti wa nyuma wa machela, kwa kuwa kijana aliyekuwa pale alikuwa akiyumba. Tulikwenda kwa haraka juu ya matuta yaliyolimwa, tope likitushika vifundo. Katika maisha yangu nimetembea njia nyingi kwa kamba na kigingi mkononi, na sikumbuki nyingine niliyoijua vile, kila bonde na kila bonge, kwa uzito uliokuwa begani mwangu.

Mganga alimpokea mlangoni. Sikuzani aliingia naye, sisi tukakaa nje kwenye benchi. Ilikuwa karibu saa sita tuliposikia mtoto. Kilio chenyewe kilikuwa kidogo na cha hasira. Mtoto wa kike. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi lakini anapumua, na baadaye akaomba uji.

Nilijitolea kwenda kumwandikisha mtoto, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na nguo za kuingilia ofisini. Karani alifungua kitabu, akauliza jina la mama na kijiji, akalinganisha na daftari la kizuizini. Akainua macho.

"Huyu mama ni marehemu," akasema. "Tangu saa nne asubuhi. Na mtoto pia. Wameandikwa wawili."

"Wako zahanati. Nenda ukawaone."

"Bwana Mpimaji," akasema, na nilisikia kwamba hakuwa na nia mbaya, "mimi siandiki ninachokiona. Nami nikiandika kwamba wako hai, nitaulizwa walipita wapi."

Nilirudi nikamwambia Sikuzani. Akasema basi, haidhuru, wengi wamekua bila karatasi. Kilichobaki ni kuwafikisha nyumbani kabla mto haujajaa. Tunu alilazwa kwenye machela, mtoto akawekwa kifuani pake, ananyonya. Shuka ikavutwa juu yao wote wawili. Sikuzani, sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Alifungua mdomo kulia, pakatoka upepo tu.

"Lazima alie mtu," mmoja wa wabebaji akasema. "Bila mliaji hatufunguliwi."

Nikamuuliza Sikuzani inavyofanywa. Akanionyesha kwa mikono: pa kuanzia, pa kuvuta pumzi, pa kutaja jina. Nikauliza nitaje jina gani, mtoto hajapewa. Akatikisa kichwa.

Basi tukaenda, mimi nikiwa mbele, nikamlilia kwa sauti yangu yote, kwa kuwa alikuwa ananyonya, na ilikuwa lazima askari asisikie.